Kwato za Punda Zinahitaji Kiswahili Pia

Wahenga walituachia methali kadha wa kadha kuhusu punda, na aghalabu methali hizo zinamwonea. Tumefunzwa kwamba punda afe, mzigo wa bwana ufike. Tumefunzwa pia kwamba shukrani ya punda ni mateke. Katika darasa la fasihi simulizi methali hizi hupitiwa kwa haraka. Mwanafunzi huandika maana ya nje na maana ya ndani, kisha somo likaendelea. Ni nadra kumwona mwalimu akisimama na kuuliza swali lililo wazi mno: je, punda akishakufa, mzigo huo wa bwana utafika kwa miguu ya nani?

Swali hilo si la mzaha kwa sisi wakazi wa Jericho na mitaa jirani ya Eastlands. Mifereji inapokauka, maji huja kwa mkokoteni. Mkokoteni uliopangwa mitungi 20 ya lita 20 umebeba lita 400, nazo ni kilo 400 kabla ya kuhesabu mbao, chuma na magurudumu. Uzito huo wote huvutwa na mnyama mmoja au wawili, juu ya kwato ambazo kila moja yaweza kuenea katika kiganja cha mtu mzima. Anapochechemea punda, mchukuzi hukosa riziki ya siku hiyo, na mama anayengojea maji ya kupikia hungoja zaidi. Kwa hiyo anayedhani kwamba afya ya punda ni jambo la wapenda wanyama peke yao hajawahi kukaa na ndoo tupu mlangoni.

Hoja yangu leo ni hii: maradhi mengi ya ngozi na kwato yanayowasumbua punda wetu wakati wa mvua na baridi yanaweza kuzuilika kwa gharama ndogo sana, na kinachokosekana zaidi ya fedha ni maarifa yaliyoelezwa kwa lugha anayoizungumza mwenye mkokoteni. Maarifa yenyewe yapo. Yamefungiwa tu katika lugha nyingine.

Hebu tutazame kwanza hali ya mahali petu. Nairobi hupata masika kuanzia Machi hadi Mei na vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba. Baina ya misimu hiyo kuna kipupwe cha Juni hadi Agosti, ambapo mawingu hufunika jua kwa siku nyingi na kitu chochote kilicholowa huchelewa kukauka. Isitoshe, ardhi ya jiji hili haifanani kote. Upande wa magharibi kuna udongo mwekundu upitishao maji upesi. Huku kwetu mashariki kuna udongo mweusi unaoshika maji, ukanata na kugeuka tope zito linalokaa kwa majuma. Punda anayelala kwenye tope hilo usiku na kulikanyaga mchana hana saa hata moja ya kukausha miguu yake.

Naye hakuumbiwa hali hiyo. Asili ya punda ni nchi kavu za Pembe ya Afrika. Uchunguzi wa jeni uliochapishwa mwaka wa 2022 ulionyesha kwamba alifugwa kwanza katika eneo hili letu la Afrika ya Mashariki na Pembe ya Afrika, takribani miaka 7,000 iliyopita. Manyoya yake hayazuii maji kama yale ya farasi; mvua ikimnyeshea hulowa hadi kwenye ngozi. Ukwato wake nao ni mdogo, umesimama wima zaidi kuliko wa farasi, na ukikaa majini hunyonya unyevu ukalainika. Ukwato uliolainika ni mlango uliofunguliwa.

Kinachoingia kupitia mlango huo ni mambo matatu makuu. La kwanza ni kuoza kwa kwato. Chini ya ukwato, katikati, ipo sehemu laini yenye umbo la pembe tatu, na pembeni mwake mna mifereji miwili. Tope na samadi hujishindilia humo, hewa ikakosa kupita, na vijidudu visivyohitaji hewa vikastawi. Dalili yake haihitaji darubini: ni uji mweusi wenye uvundo mkali, na mnyama kuuondoa mguu kwa ghafla unapopagusa mahali pale. La pili ni jipu ndani ya ukwato. Kijiwe au msumari hupenya, usaha ukajikusanya mahali pasipoweza kufura, na punda aliyekuwa mzima jana akashindwa kukanyaga leo. La tatu ni kupasuka na kumeng'enyuka kwa ukuta wa ukwato, hasa pale ukuta huo unapoungana na wayo.

Ngozi nayo ina maradhi yake. Lililo maarufu zaidi wakati wa mvua huletwa na bakteria anayeitwa Dermatophilus congolensis. Jina hilo la pili lisimpite msomaji. Bakteria huyu alielezwa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1915 kutokana na ng'ombe wa Kongo, iliyokuwa chini ya Wabelgiji wakati huo. Si ugonjwa wa Ulaya ulioletwa kwetu. Umeandikwa katika vitabu vya dunia nzima kwa jina la nchi jirani. Bakteria huyu huweza kukaa kimya ndani ya vigaga vikavu kwa miezi mingi. Ngozi ikilowa na kulainika, au ikichubuliwa na kupe na kamba, huamka na kusambaa. Mgongoni hutokea vigaga ambavyo ukivibandua huja na shungi la nywele kama brashi ya mpaka rangi. Miguuni, nyuma ya kifundo juu kidogo ya ukwato, ngozi hupasuka kama magaga ya kisigino cha mtu atembeaye pekupeku.

Kinga ya haya yote inaweza kufupishwa kwa neno moja: ukavu. Punda hahitaji jumba. Anahitaji mabati machache juu ya kichwa chake na mahali palipoinuka pa kusimama. Vipande vya matofali na kokoto vikishindiliwa chini, na juu yake yakatandazwa maranda makavu, tayari usiku wake umebadilika. Mafundi seremala wa Eastlands hukusanya maranda kila siku, na mengi huishia kutupwa au kuchomwa.

Jambo la pili ni kukagua kwato kila jioni. Mchukuzi huinua mguu mmoja baada ya mwingine, akachokora tope kwa chuma butu kuanzia kisigino kuelekea ncha, akitazama kama kuna msumari, kijiwe au harufu mbaya. Kazi hiyo kwa miguu yote minne haimalizi dakika 10. Tope lililoganda kwenye miguu heri liachwe likauke, kisha lipanguswe kwa brashi ngumu. Wengi hudhani kwamba kuosha miguu kila jioni ndio usafi. Kumbe kuilowesha tena na tena bila kuikausha ndiko kunakolainisha ngozi na kuikaribisha maradhi.

Jambo la tatu ni kukata kwato kwa wakati, kila baada ya wiki 6 hadi 10, na mkataji awe mtu aliyefunzwa mwenye zana zinazofaa. Panga si zana ya kazi hiyo. Ukuta wa ukwato hukua polepole kutoka juu kwenda chini, na huchukua takribani mwaka kujifanya upya. Maana yake ni kwamba kosa lililofanywa kwa panga katika mvua za Aprili laweza kuwa bado linamtesa mnyama mvua za Aprili nyingine zikiingia.

Jambo la nne ni matandiko. Kamba za nailoni na mipira ya magari ikilowa hukwaruza mabega na kifua hadi nyama ikaonekana. Kitambaa kizito cha pamba kikiwekwa baina ya kamba na ngozi, na kikaanikwa kila siku, huzuia vidonda ambavyo vingehitaji majuma kupona. Gunia bichi lililoachwa mgongoni usiku kucha halimpi punda joto. Humkalisha katika maji.

Je, ikiwa maradhi yameshaingia? Ukwato unaooza husafishwa kabisa, ukakaushwa, ukapakwa dawa ya ayodini, na mnyama akahamishiwa mahali pakavu. Bila ukavu dawa haifui dafu. Jipu lataka mganga wa mifugo alifungue usaha utoke, kisha mguu uloweshwe katika maji ya uvuguvugu yenye chumvi na kufungwa kitambaa safi. Hapa pekee ndipo kulowesha kunapofaa, na ni kwa muda mfupi, kwa shabaha ya kuvuta usaha. Kwa vigaga vya ngozi, kwanza punda aondolewe mvuani. Vigaga hulainishwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, vikaondolewa taratibu bila kung'olewa kwa nguvu, ngozi ikaoshwa kwa dawa ya kuua vijidudu na kukaushwa barabara. Vigaga vilivyotoka vichomwe, brashi isitumiwe kwa punda mwingine, na mhudumu anawe mikono kwa sabuni, maana bakteria huyu humwambukiza binadamu pia, ingawa si mara nyingi. Hali ikiwa mbaya, sindano za penisilini hutolewa na mganga wa mifugo, wala si kubahatisha.

Kinyume na haya, zipo tiba za vijiweni ambazo ni mateso matupu. Oili chafu ya gari humwagwa juu ya kidonda. Maji ya betri hutiwa kwenye ukwato. Chuma cha moto hubandikwa penye uvimbe. Mnyama akiacha kuonyesha maumivu, huhesabiwa kuwa amepona. Lakini punda ni mnyama anayeficha maumivu kuliko farasi. Kunyamaza kwake si ushahidi wa kupona. Na yule anayeonekana kuwa mkaidi, anayesimama njiani na kukataa kusogea, mara nyingi anasema kwa mwili jambo ambalo hana maneno ya kulisema.

Nimetaja msumari, nami siwezi kuupita bila kutaja pepopunda. Hili ni neno la Kiswahili ambalo kila mwanafunzi analijua, na kila mama aliyehudhuria kliniki amelisikia. Linatumika kwa maradhi yanayokaza taya na kuupinda mwili, yanayomwua mtoto mchanga aliyekatwa kitovu kwa wembe mchafu. Ni wangapi wamewahi kulikata neno hilo vipande viwili na kumwona punda aliyemo? Vijidudu vya pepopunda huishi udongoni na katika mavi ya wanyama, wakiwamo farasi na punda. Na farasi na punda wenyewe ni miongoni mwa wanyama wanaoathirika upesi mno na maradhi hayo. Msumari uliolala kwenye tope lenye samadi unamngojea punda na mchukuzi wake kwa pamoja, hasa mchukuzi aliyevaa ndara. Wote wawili wana chanjo yao. Lugha yetu ilikwisha kuwaweka punda na binadamu katika neno moja kabla sisi wasomi hatujafikiri kuwaweka katika somo moja.

Wapo watakaosema kwamba binadamu wenyewe hawajapata matibabu ya kutosha, basi punda ni nani? Nawajibu kwamba hoja hiyo ingekuwa na uzito kama afya ya punda ingepunguza ya binadamu. Maranda makavu hayatoki katika bohari ya hospitali, na dakika 10 za jioni hazimnyimi mtoto yeyote daktari. Kinyume chake, punda mzima ndiye anayemlipia mtoto karo.

Tena punda wamekuwa adimu. Sensa ya mwaka wa 2009 ilihesabu punda takribani milioni 1.8 nchini Kenya. Ile ya 2019 ikahesabu takribani milioni 1.2. Baina ya sensa hizo, kuanzia mwaka wa 2016, vichinjio vya punda vilifunguliwa humu nchini kwa ajili ya biashara ya ngozi, ambazo China hutumia kutengeneza dawa iitwayo ejiao. Serikali ilipiga marufuku uchinjaji huo mwaka wa 2020, mahakama ikaitengua marufuku hiyo mwaka wa 2021, na mnamo Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kuikomesha biashara ya ngozi za punda barani. Anayempoteza punda leo kwa sababu ya ukwato uliooza hampati mwingine kwa urahisi aliompata babake. Sheria nayo haikunyamaza: Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inamhesabu kuwa mkosaji mtu anayemtumikisha mnyama asiyefaa kazi kwa sababu ya ugonjwa au jeraha. Hata hivyo, sheria humkamata mtu baada ya kidonda; elimu humfikia kabla.

Elimu hiyo iko karibu kuliko tunavyodhani. Mbio za farasi za Nairobi zilifanyika upande wa Eastleigh kabla ya kuhamishiwa uwanja wa Ngong mwaka wa 1954, na Barabara ya Racecourse ingali inatukumbusha jambo hilo tuingiapo Eastlands. Huko Ngong watunza farasi, Wakenya wenzetu, huinua kwato na kuzichokora kila siku kama ada. Kabete kuna kitivo cha Chuo Kikuu cha Nairobi kinachofunza waganga wa mifugo. Lamu, ambako punda ndiye gari, zahanati ya punda ilifunguliwa mwaka wa 1987, na wenye punda wa kisiwa hicho wamezoea kuwapeleka huko wanyama wao. Iweje basi maarifa haya yasivuke jiji moja kutoka magharibi hadi mashariki?

Jibu langu, nikiwa mtu wa isimu, ni kwamba yamekosa lugha ya kuyavusha. Somo la Kilimo katika shule zetu hufundishwa kwa Kiingereza. Mganga wa mifugo husoma miaka yake yote kwa Kiingereza. Siku anapokutana na mchukuzi kando ya Barabara ya Jogoo, huanza kutafuta maneno, na akiyakosa humdunga mnyama sindano na kwenda zake bila kueleza lolote. Katiba ya mwaka wa 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili. Lugha rasmi isiyoweza kumweleza mtu namna ya kusafisha ukwato ina urasmi wa aina gani?

Msiniambie kwamba Kiswahili hakina istilahi. Tunayo ukwato na wayo, kigaga na magaga, usaha na jipu, choa na upele, matandiko na maranda, masika na kipupwe. Hata ile sehemu laini ya pembe tatu haiwezi kutushinda. Waingereza waliiita kwa jina la chura, ingawa haifanani na chura hata kidogo. Wafaransa wakaiita uma mdogo. Sisi tukiitazama tutaona imekaa kama kabari iliyopigiliwa katikati ya wayo. Basi na tuiite kabari ya ukwato, na mwenye jina bora alilete. Na pale ambapo Sheng itamfikishia kijana wa mkokoteni ujumbe upesi zaidi, sioni kwa nini mwalimu aone haya kuitumia. Shabaha yetu ni ukwato mkavu.

Kwa hivyo nina ombi kwa walimu na wanafunzi wa Eastlands. Siku ya Kiswahili Duniani huadhimishwa tarehe 7 Julai, katikati kabisa ya kipupwe. Tumezoea kuiadhimisha kwa mashairi, ngonjera na hotuba za kuisifu lugha. Mwaka ujao, pamoja na hayo, kila shule na iandike karatasi moja tu kwa Kiswahili sanifu na chepesi: namna ya kutayarisha mahali pakavu, namna ya kuchokora ukwato, dalili za kuoza, na wakati wa kumwita mganga. Mwalimu wa Kilimo asahihishe maarifa, mwalimu wa Kiswahili asahihishe lugha, na mganga wa mifugo aipitie kabla haijatoka. Wanafunzi wachore picha, kwa sababu si kila mchukuzi anasoma. Kisha karatasi hiyo ibandikwe mahali mikokoteni inapojazia maji, wala isiishie kwenye ubao wa matangazo wa shule.

Hiyo itakuwa insha yenye msomaji anayeihitaji, jambo ambalo insha zetu nyingi za darasani hukosa. Na mwanafunzi atakayeiandika, akifika tena kwenye methali ya punda na mzigo wa bwana, atakuwa na la kumwambia mwalimu wake: kwamba bwana mwenye busara huanza na kwato, ndipo mzigo ukafika.